Maziwa na tumbo la mtu mzima

Dada uliyeuliza mbona gilasi moja ya maziwa yakuvuruga tumbo na mumeo Mmaasai hunywa kibuyu kizima asisikie kitu: si uchawi, ni kimeng'enya cha laktesi, kinachovunja sukari ya maziwa. Watoto huzaliwa nacho, ila kwa watu wazima walio wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa.

Ramani ya watu wazima wanaobaki nacho ina mabaka mabaka. Ireland na Sweden karibu kila mtu anakunywa bila tumbo kuvurugika; China na Japani wa hivyo ni wachache. Afrika angalia wafugaji. Mwaka 2007 mtafiti wa jeni Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kuwa wafugaji wa Kenya na Tanzania wana badiliko lao la jeni la kukibakisha kimeng'enya hicho ukubwani, si lile la Wazungu. Waarabu nao wana lao, labda kwa ajili ya ngamia. Sasa hapa Mombasa, na damu zilivyochanganyika, nani atabashiri kwa kutazama sura?

Mimi chai ya maziwa na mahamri sina neno, ila maziwa matupu usiku, mlango wa choo naujua mie. Jaribu maziwa lala, bakteria huwa washaila sehemu ya hiyo sukari.