Salfa ya mikorosho na mtoto mwenye pumu, Newala

Pole dada. Umesema mwanao hubanwa kifua kila jirani anapopuliza mikorosho. Salfa ni unga laini mno. Ikikutana na unyevu wa macho na koo huwasha, na njia za hewa za mwenye pumu hubana upesi.

Anza na jirani. Salfa ni dawa ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, na hurudiwa kila baada ya siku 14 hivi, kwa hiyo ratiba yake inajulikana. Mwombe apulize alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande wa kushika unga. Akichelewa mpaka saa nne, upepo wa kusi unaihamishia salfa yake kwako. Hasara kwenu wote. Mikorosho iliyo jirani na nyumba aipige dawa ya maji.

Siku hiyo funga madirisha ya upande wa upepo, anua nguo, funika maji. Kanga puani haizuii unga huo. Vumbi likishatua, futa sakafu kwa tambara bichi. Ufagio mkavu unalirusha upya.

Linalosahaulika ni bati. Kama mnakinga maji ya mvua, salfa ya msimu mzima imelala pale juu. Chomoa bomba la tangi kabla ya mvua ya kwanza, uyaache maji yake ya mwanzo yamwagike, walau lita 1 kwa kila mita ya mraba ya paa.

Pampu ya pumu isikae mbali. Akishindwa kumaliza sentensi, au mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, hospitali papo hapo.