Boksi la kilo 6 lililolipiwa kilo 20

Juzi mdogo wangu kaniandikia kwenye kundi la familia, mbele ya wajomba na mashangazi wote: "Dada, simu ni kitu cha kuenea kiganjani. Ukiitia kwenye boksi ukaipeleka posta unapungukiwa nini?" Shangazi akacheka. Mjomba akadakia kwamba sisi wa ughaibuni baridi hutukunja mpaka mikono. Haya, nimecheka na mimi. Lakini leo nijibu kwa kirefu, maana kila mwaka naulizwa hivyo na kila mwaka nasema "nitaangalia", na wote tunajua "nitaangalia" maana yake nini.

Mnalikumbuka lile boksi la miaka mitatu iliyopita? Majaketi mawili, mto wa mgongo wa Mama na mdoli mkubwa wa mtoto wa Kaka. Nilipima nyumbani kwenye mizani ya kupimia watu nikapata kilo 6, nikaangalia bei ya kilo 6, nikaona naimudu. Kufika kaunta, kijana kaliweka boksi kwenye mizani, kaandika 6, halafu katoa futikamba. Urefu sentimita 60. Upana 40. Kimo 40. Kabonyeza kikokotoo, kanigeuzia nisome mwenyewe: kilo 19.2. "Tunapandisha, inakuwa 20."

Huo wanauita uzito wa ujazo. Unazidisha vipimo vitatu, unagawanya kwa 5,000 (wapo wanaogawanya kwa 6,000), kisha jibu linashindanishwa na mizani na unalipia lililo kubwa. Mantiki yao naielewa, ndege inaweza kujaa nafasi kabla haijajaa uzito. Ila ndiyo hivyo, mdoli wa pamba unamlipia hadi hewa iliyo tumboni mwake. Juu yake ikaja tozo ya mafuta, ambayo kwenye bei niliyoiona mwanzo haikuwepo. Nililipa. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, na kulirudisha boksi lile nyumbani kwa basi nilikuona ni aibu kuliko kulipa. Nyumbani sikumwambia mtu ni kiasi gani.

Nikajua nimemaliza. Kumbe ile ilikuwa nauli tu.

Mzigo ukifika huko unakutana na forodha, na nchi nyingi hazitozi ushuru kwenye bei ya vitu peke yake. Wanajumlisha bei, bima na nauli, ndipo wanapiga asilimia. Kisha VAT inakuja juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Chukueni namba za mfano: vitu vya 100, nauli na bima 80, jumla 180. Ushuru ukiwa asilimia 25, ni 45, tumefika 225. VAT ikiwa asilimia 18, ni 40.5. Yaani kwa vitu vya 100, kodi peke yake ni 85.5, na 38 kati yake imetozwa kwenye nauli na bima. Ile hewa ya tumboni mwa mdoli nimeilipia mimi huku, na huko nayo ikakatiwa ushuru na VAT.

Hapo bado msafirishaji hajadai ada yake ya kugomboa. Mara nyingi yeye ndiye anayetanguliza ushuru forodhani, halafu anakudai ushuru na ujira wa kutanguliza. Usipofika upesi, ghala linaanza kuhesabu siku. Boksi letu lilifika Ijumaa, Kaka alikuwa safarini, akalifuata baada ya siku tisa.

Alilipa zote hizo kimya kimya. Akanipigia video, mtoto kamkumbatia mdoli, wakasema asante sana shangazi. Nilikuja kuyajua mwaka uliofuata, pale wifi alipoteleza ulimi kwamba kwa pesa waliyogombolea boksi wangenunua majaketi mengine hukohuko. Kaka alinificha ili nisijisikie vibaya. Na mimi nilikuwa nimemficha nauli ili asijisikie ana deni. Ukijumlisha nilichoficha mimi na alichoficha yeye, ule mto wa mgongo wa Mama ulipaswa kukaa kabatini chini ya kufuli.

Najua mtakachosema: "Andika zawadi." Fomu ya posta, CN22 au CN23 ikiwa thamani ni kubwa, kweli ina kisanduku cha zawadi, na mimi nilikitia tiki. Zawadi haimaanishi msamaha. Kila nchi ina kiwango chake, nyingine ni kidogo sana, na mzigo ukikivuka unatozwa kama mwingine. "Basi andika bei ndogo." Ofisa akiona simu mpya imeandikwa bei ya soksi anaikadiria mwenyewe, na makadirio yake hayatakuwa ya huruma. Ikipotea njiani, nitafidiwa bei ya soksi. Isitoshe, sahihi kwenye fomu ile ni yangu, si ya Mjomba.

Na misamaha yenyewe inazidi kufutwa. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa bidhaa za hadi yuro 22 tarehe 1 Julai 2021, na Marekani ikasitisha msamaha wake wa ushuru kwa mizigo ya hadi dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Kwa hiyo msinipe mfano wa jirani aliyetumiwa kitu bila kulipa senti mwaka ule.

Sasa simu. Ina betri ya lithiamu. Betri ikiwa ndani ya kifaa wapo wanaoipokea kwa masharti, na wapo wasioipokea kabisa. Pawabenki uliyoiomba iongezwe pembeni ndiyo kabisa, inahesabiwa kuwa betri tupu na posta nyingi haziigusi. Manukato ya Shangazi nayo yana spiriti, yamo kwenye orodha ya vitu vinavyowaka. Kusema "vitu binafsi" ili vipite sitasema, mzigo ule unapanda ndege pamoja na watu.

Upo utaratibu wa mtumaji kulipa kila kitu mapema, ushuru na ada, mpokeaji asidaiwe. Mimi nautumia kwa nyaraka na dawa ya macho ya Mama, vitu visivyo na mbadala. Kwa jaketi, hapana, bora niwatumie pesa. (Na ukipata ujumbe kwenye simu kwamba mzigo wako umezuiwa, lipia kidogo kwenye kiungo hiki, usibonyeze. Niulize kwanza kama nimetuma kitu. Jibu karibu mara zote litakuwa sijatuma.)

Kwa hiyo mdogo wangu, simu ninayo, ipo kwenye droo. Mwezi ujao kuna dada tunayefahamiana anakuja huko, kanipa nafasi ya kilo moja kwenye begi lake la mkononi. Atafungua kila kitu akague kabla hajakibeba, na ana haki, kwa hiyo msiniombe nifunge gundi. Mwenyewe atauliza forodhani kama simu inalipiwa, nawe uwe na akiba. Boksi la simu linabaki huku, chaja utatumia uliyonayo. Kilo ikibaki na nafasi nitatia viatu vya mtoto. Nitumie urefu wa mguu wake kwa sentimita, usinipe namba ya kiatu, maana za huku na za huko hazifanani.