Mfumo mpya wa mafaili: kabla hujaukabidhi data za watu

Wadogo zangu wa chumba cha seva, juzi mwenzenu kanitangazia kwa furaha kwamba kahamishia mashine ya ofisi kwenye bcachefs, mfumo mpya wa kupanga mafaili kwenye diski za Linux, kwa kuwa vipimo vimeonyesha inakimbia. Nikamuuliza: ikivunjika, unaitengenezaje? "Ina snapshoti, kaka," yaani picha za hali ya mafaili kwa wakati fulani. Sikumjibu. Naandika hapa mjibiwe wote.

1. Kuingia kwenye kerneli, kiini cha Linux, si cheti. bcachefs iliingia kwenye toleo la 6.7, Januari 2024, ikiwa bado na alama ya majaribio. Mtunzaji wake, Kent Overstreet, akavutana na Linus Torvalds, mkuu wa kerneli, kuhusu viraka (marekebisho ya kodi) vilivyokuwa vikitumwa nje ya muda wake, na kufikia 6.18, mwaka 2025, ikawa imeondolewa. Leo inapatikana kama moduli ya pembeni kupitia DKMS, zana inayoijenga upya moduli kila kerneli inapobadilika. Kodi haikuoza kwa usiku mmoja, ila siku kerneli itakaposasishwa na moduli ikagoma kujijenga, diski haitamaunti (haitafunguka kutumika) na simu itapigwa kwako. ReiserFS, mfumo mwingine wa mafaili, iliwahi kuwa chaguo la kawaida la SUSE, mojawapo ya Linux zinazosambazwa. Nayo ilifutwa kwenye 6.13. Hesabuni watunzaji kwanza, sifa baadaye.

2. Someni ukurasa wa hali ya mradi, ule unaosema nini bado hakijakaa sawa. Nyaraka za Btrfs, mfumo mwingine wa mafaili, zenyewe zinakuonya usiweke data za maana kwenye RAID5 na RAID6, mipango yake ya kutawanya data kwenye diski kadhaa.

3. Jifunzeni kuutengeneza kabla haujavunjika. Hapa nina deni la aibu. Umeme ulikatika, betri za UPS zilikuwa zimeshakufa na sote tulijua. Seva ya Btrfs ikaamka na "parent transid verify failed", yaani kumbukumbu zake za ndani hazilingani, ikakataa kumaunti. Mimi nimekulia kwenye ext4, mfumo wa mafaili uliozoeleka kwenye Linux. Huko unaandika fsck -y, amri ya kukagua na kutengeneza, unaenda kula, ukirudi mambo safi. Kwa hiyo nikatafuta fsck ya huku, nikaiona: btrfs check --repair. Amri hiyo ina adabu kuliko mimi. Inakuambia usiitumie kama hujashauriwa na msanidi au mtu mwenye uzoefu, kisha inasubiri sekunde 10 ujifikirie. Mimi nilizitumia kuvuta kiti.

Ilipomaliza, hata kilichokuwa kinasomeka hakikusomeka tena. Nikakimbilia snapshoti, nazo zimelala ndani ya mti uleule wa data ulioharibika: chumba kingine kwenye nyumba iliyoungua. Ndipo nikasoma nyaraka, kinyume kabisa na utaratibu. Kumbe hatua ya kwanza ni kutoandika chochote: unamaunti kwa kusoma tu, ro,rescue=usebackuproot, ikikataa unatumia btrfs restore kuvuta mafaili kupeleka diski nyingine. Kukatika kwa umeme kuliniachia nafasi ya kuokoa, mimi nikaizika kwa mkono wangu. Bakapu ya mwisho ilikuwa ya zamani, mhasibu akaingiza risiti upya kutoka kwenye makaratasi, na kwa muda mrefu alinisalimia bila kuniangalia usoni. Bosi hakusema kitu. Ingekuwa nafuu angefoka.

4. Uzee nao si kinga. Desemba 2023 kasoro ya ext4 kwenye kerneli 6.1.64 iliwalazimu Debian, wasambazaji wengine wa Linux, kuzuia toleo lao la 12.3 na kutoa 12.4 badala yake. Majuma machache kabla, watumiaji wa OpenZFS 2.2.0, mfumo mwingine wa mafaili, walikuwa wakiona mafaili yenye mapengo ya sifuri. Uchunguzi ukaonyesha mzizi wa tatizo ni wa matoleo ya nyuma, na tiba ikaja na 2.2.2. Hata hivyo, msikimbilie toleo linaloishia na sifuri.

5. Checksamu, namba ya kuhakiki data, kwenye diski moja itakuambia faili limeharibika, haitakurudishia. Pangeni scrub, yaani ukaguzi wa data zote za diski, na someni ripoti yake.

6. Jaribio langu ni la kikatili: mashine ya kuchezea, data za kuchezea. Chomoa waya wa umeme katikati ya kuandika. Jaza diski hadi asilimia 100, kisha ujaribu kufuta faili (Btrfs imewahi kunigomea hapo, na nilicheka kwa sababu haikuwa seva ya mtu). Ng'oa diski moja. Halafu rudisha kila kitu kutoka kwenye bakapu, ukitazama saa. Na bakapu yenyewe ikae kwenye mfumo tofauti, XFS au ext4, ili kasoro moja isile nakala zote mbili.