Friza yasoma nyuzi 6535, kifaa feki?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa umeme huku Changamwe, tuna chumba cha kugandishia samaki, juzi tukaweka kisomaji kipya cha joto kinachoongea na PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) kwa Modbus, ile lugha ya vifaa kutumiana namba. Mlango ukiwa wazi kinasoma poa tu, nyuzi 27, 28, kikianza kupoa kinashuka vizuri mpaka sifuri halafu ghafla skrini inaruka 6553.5, na sasa imekaa 6535.6 alamu inalia usiku kucha mlinzi ashanichukia. Kipimajoto cha mkono kinasema 18 chini ya sifuri. Bosi ataka turudishe dukani, ati feki. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usirudishe kitu, kifaa kizima hicho, anayesoma vibaya ni programu yako. Hebu tazama saa ya ukutani mkono mrefu ukiwa kwenye 9, mmoja atakwambia saa mbili na dakika 45, mwingine saa tatu kasorobo, na mkono ni ule ule haujasogea. Rejista ya Modbus, yaani kisanduku cha kubebea namba moja, ina biti 16 (tarakimu 16 za 0 au 1), yaani saa yake ina alama 65536, kuanzia 0 hadi 65535. Kisomaji chako kinatuma nyuzi zikiwa zimezidishwa kwa kumi, kwa hiyo kinasema "kasoro 180", wewe wasoma 65356. Chukua 65536 toa 65356 uone kama hupati 180.

Hapa Mombasa joto la nje halishuki chini ya sifuri hata siku moja, ndio maana mtu anaandika programu hivyo na isimsumbue miaka, mpaka aguse friza. Mimi mwenyewe nilishatupa sensa mbili nzima kabla sijashtuka, wallahi.

Dawa ni kuigeuza namba iwe INT (namba nzima ya biti 16 inayokubali alama ya kutoa) kabla hujaifanya lolote, kama umeitangaza UINT (isiyokubali alama ya kutoa) tumia UINT_TO_INT, kama ni WORD (biti 16 tupu) basi WORD_TO_INT. INT inaanzia -32768 hadi 32767. Halafu ndio uipeleke REAL (namba ya desimali) ugawe kwa 10. Wengi wanapokosea ni hapo kwenye mpangilio, wanagawa kwanza wanapata 6535.6 ndio wanakumbuka alama ya kutoa, na hapo ishapotea hairudi. Jaribu kwanza kwa kuweka 65356 kwa mkono uone kama inatoka -180, maana si PLC zote zinageuza kwa namna moja. Ikikataa fanya kwa hesabu: itie kwenye DINT (namba nzima ya biti 32), ikizidi 32767 toa 65536, basi. Lakini iwe DINT kweli, kwenye biti 16 hiyo 65536 yenyewe haiingii.

Ukishaona imekubali usije ukapata uchu ukaigeuza kila rejista. Ile ya masaa ya kompresa, kama nayo ni ya biti 16 isiyo na alama ya kutoa, iache ilivyo, la sivyo ikifika masaa 40000 itakuandikia -25536 na bosi atakuuliza mashine imefanyaje kazi kabla haijazaliwa.

Na leo leo angalia kompresa inafuata namba gani. Kama ni hiyo hiyo ya skrini basi inaona chumba kinaungua moto na haitazima ng'o, izime na uiwashe kwa mkono mpaka urekebishe.