Karakana ya Nyumbani: Msuka wa kisu una mgongo, vibao havikai

SWALI: Shikamoo Fundi. Natengeneza visu vya jikoni nyuma ya nyumba hapa Iringa, kwa springi za gari ninazopata kwa wauza vyuma chakavu. Nina grenda, tupa mbili, jiliwa na msasa. Kisu kinaenda vizuri mpaka nifike kwenye mpini. Nikiweka vibao vya mpini juu ya msuka, yaani mkia wa chuma unaoshikwa na mpini, naona mwanga unapita kandokando. Nikirudi kuusugua msuka kwenye msasa, mwanya unazidi. Sasa umekuwa mwembamba na bado una mgongo kama wa kobe. Mashine ya kusawazisha chuma sina uwezo nayo. Nifanyeje? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mgongo huo wa kobe naujua. Kisu cha kwanza nilichouza nilimuuzia muuza nyama mmoja hapa Tanga, akakirudisha kabla mwaka haujaisha. Kibao kimoja kilikuwa kimebenuka, ndani mna kutu na harufu ya damu iliyooza. Nilikuwa nimeuziba mwanya kwa gundi. Maji yalipata njia, kutu ikavimba, ikakisukuma kibao. Kisu cha jikoni chenye mwanya kwenye mpini ni kisu kichafu hata kikiwa na makali ya wembe, kwa hiyo usidhani unahangaikia jambo dogo.

Kwanza weka grenda chini. Imemaliza kazi yake.

Mgongo unatoka mkononi mwako na kwenye msasa wako. Unaposukuma kipande mbele, mkono unasukuma kwa juu ilhali msuguano uko chini, basi kipande kinainamisha pua. Ukikivuta, kinainamisha mkia. Ncha zote mbili zinaliwa, katikati panabaki. Na kama msasa umeulaza tu juu ya ubao bila kuubandika, unajiinua kidogo mbele ya chuma na kuzila kingo zaidi. Ndiyo maana kila ukisugua unapunguza unene na mgongo uko palepale.

Nenda kwa fundi vioo, muombe kipande cha kioo cha milimita 10 kilichobaki kwenye kazi ya mtu, ukubwa wa karatasi moja ya msasa au zaidi kidogo. Kioo cha siku hizi hutengenezwa kwa kumiminwa kikiwa uji juu ya bati iliyoyeyushwa, kikatanda chenyewe mpaka kikapoa, hivyo kinatoka bapa kuliko chochote utakachokipata kwa bei hiyo. Cha dirisha, cha milimita 4, usikitumie: kinapinda chini ya kiganja na hutaona. Hata hicho kinene kilaze juu ya ubao mzito ulionyooka, katikati weka gazeti, kisipate pa kuning'inia. Mafundi wa kaunta za jikoni nao hubakiwa na vipande vya granaiti, navyo vinafaa ukishavipima.

Msasa wa maji namba 120 uloweshe mgongoni, uubandike kwenye kioo na uupanguse hewa yote. Sasa chukua kalamu ya maka, paka msuka wote wino. Upande wa makali uning'inie nje ya ukingo wa kioo, vidole viwe chini karibu na msasa, ukandamize katikati ya msuka. Vuta kuelekea kwako, inua, rudisha, vuta tena. Usisukume. Mivuto mitatu tu, kisha geuza utazame.

Palipofutika wino ni kilima. Palipobaki ni bonde. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wakiona kilima wanarudi kusugua kote, wakitumaini kitajimaliza. Kioo ni cha kukuonyesha kilima kilipo, na kilima unakiondoa kwa tupa. Funga kisu kwenye jiliwa, paka tupa chaki ili chembe za chuma zisijikwamishe kwenye meno na kuchora mistari, shika tupa kwa mikono miwili ikiwa imelala kukingama msuka, uivute polepole kufuata urefu wake, palepale pasipo na wino tu. Paka wino tena, rudi kwenye kioo, mivuto mitatu, tazama. Mara ya kwanza utaona madoa mawili matatu. Yataongezeka na kusambaa. Yakishaenea uso mzima ndipo unasugua kote, kwa msasa mpya, kumalizia. Msasa uliochakaa utupe bila huruma; hauli, unateleza, na mkono unaanza kukandamiza kwa hasira.

Nilipokuwa najifunza kazi, mwalimu wangu hakuwa na maka. Alichanganya masizi ya kibatari na mafuta, akapaka kwenye bamba lake la chuma, akagusisha kipande changu juu yake. Doa moja jeusi, dogo kama punje ya dengu. Akanipa tupa akaniambia niliondoe hilo tu, kisha nirudi. Nilirudi siku nne. Sikuwahi kusahau lile doa.

Kwa tupa ni lazima chuma kiwe bado laini, yaani kabla hujakikaza kwa moto na mafuta. Baada ya hapo tupa itateleza tu. Na kama springi ina magamba meusi ya moto, ilaze kwenye siki usiku mmoja, uisugue kwa brashi ya waya, uioshe na uikaushe. Magamba hayo ni magumu kuliko chuma chenyewe, na tupa mpya inakufa nayo siku moja.

Sasa hili ndilo nililotaka ulijue zaidi, na lingekuokolea msuka ule mwembamba: si lazima msuka wote uwe bapa. Vibao vinahitaji kukutana na chuma kwenye kingo tu, pale maji yanapoingilia na pale jicho linapotazama. Kwa hiyo katikati pachimbe kidogo, nusu milimita inatosha, ukiacha ukanda wa milimita 5 au 6 kuzunguka ukingo wote na kuzunguka matundu ya misumari. Hapo grenda inarudi kazini. Ukishachimba, eneo la kusawazisha limepungua sana, kazi inafupika, na katikati hapana tena pa kuinuka mgongo. Tena gundi inapata pa kukaa. Ukibana vibao juu ya chuma bapa kabisa, gundi yote inatoka nje na viungo vinabaki vikavu.

Vibao navyo vipitishe kwenye kioo hichohicho, siku ileile utakayobandika. Mbao hunywa unyevu na kuuachia. Ulichosawazisha Jumatatu hakiko hivyo Ijumaa. Ukitumia mpingo, ufute kwa asetoni kabla ya gundi kwa sababu una mafuta, na ufunge pua na mdomo unapousugua, vumbi lake linawasha kifua.

Mwisho pima. Kata vipande vitatu vya karatasi ya kusokotea sigara, viweke kwenye kioo kisicho na msasa, viwili nchani na kimoja katikati ya urefu, vyote chini ya ukanda wa ukingo usiochimbwa, laza msuka juu ukiukandamiza kidogo, uvute kimoja kimoja. Kinachotoka bila kubishana ndicho kilicho kwenye bonde. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene kama sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa kazi hii ni nene mno.

SWALI: Fundi, salamu kutoka Mombasa. Wasema tupimie kioo. Na kioo chenyewe nitakijuaje kwamba ki bapa, nami sina cha kukipimia? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Swali lako limenifurahisha sana, maana hilohilo liliwasumbua mafundi wa Uingereza. Joseph Whitworth, mmoja wao, alilisemea mwaka 1840 mjini Glasgow, mbele ya wanasayansi. Ukisuguanisha bamba mbili mpaka zikutane sawasawa, hujathibitisha kitu: moja yaweza kuwa na mgongo na nyingine bonde la kuupokea, zikakumbatiana vizuri kabisa. Ongeza ya tatu. Ikiwa A inakutana na B, B na C, na C na A, hapana nafasi tena ya mgongo, kwa sababu migongo miwili haiwezi kukutana, wala mabonde mawili. Ukizigeuza pembe kila mara, hata msokoto unaonekana. Whitworth alizikwangua kwa mkono pale zilipogusana, doa kwa doa, hakuzisaga kwa unga wa msasa, kwa sababu unga unakula ovyo.

Wewe huna haja ya kutengeneza bamba tatu. Njia hiyo itumie kwa mawe yako ya kunolea: matatu, maji, na kubadilishana zamu. Kwa kioo tumia rula ya chuma, lakini ipime rula kwanza. Chora mstari mwembamba, igeuze rula kifudifudi, chora tena kwa ukingo uleule kati ya nukta zilezile mbili. Mistari ikiachana, rula imepinda. Ikiwa nzima, isimamishe kwa ukingo wake juu ya kioo, taa iwe nyuma, uizungushe pande zote. Mwanga hupenya penye ufa mwembamba kuliko unywele, jicho lako litauona.

SWALI: Visu vyangu vinakuwa vimenyooka, nikichovya kwenye mafuta vinapinda. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Springi ya gari imekaa miaka imepinda, chuma hakijasahau. Kabla ya kukikaza, kipashe mpaka sumaku isishike, kiache kipoe hewani bila upepo. Fanya hivyo mara tatu. Pia hakikisha umepunguza pande zote mbili sawa, na usimalize kusawazisha kabla ya moto. Acha unene kidogo wa kurudia kwenye kioo baadaye.

Kilichokwisha kupinda usikigonge, kitavunjika. Kifunge juu ya chuma kinene kilichonyooka, mgongo wa pindo ukiangalia juu, chini ya kila ncha weka sarafu, ubane katikati mpaka kielekee kidogo upande wa pili. Kitie hivyo hivyo kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa mbili. Kikipoa kabisa, fungua, ukilaze kwenye kioo utazame. Kama bado, ongeza sarafu moja kila upande, urudie.