Gari la Umeme Likivuma Usiku, Kasikilize Ukutani

Juzi dada mmoja wa Ipogolo, Iringa, kaniandikia: "Kaka, Nissan Leaf yangu nikiichomeka usiku inalia ka! ka!, halafu inavuma. Mume wangu anataka tuichomoe, anahofia moto." Dada yangu, swali lako nimelisoma mara tatu, maana mimi liliwahi kunitoa shilingi 180,000.

Nilipoleta Leaf yangu hapa Uyole, Mbeya, majirani walikuja kuitazama kama bibi harusi. Usiku wa pili nikasikia mvumo chini ya boneti. Fundi mmoja, mzoefu wa dizeli, akaniapia kuwa pampu imekufa. Akakaa na gari siku nne, akanirudishia likivuma vilevile. Hela yangu ikawa imekwenda. Mpaka leo nikipishana naye Mwanjelwa, moyo unaniwaka.

Pampu ilikuwa nzima kabisa! Umeme wa nyumbani ni mkondo geu, unaokwenda na kurudi, na betri inapokea mkondo mnyoofu tu, unaokwenda upande mmoja. Chaja iliyomo ndani ya gari ndiyo inayoubadilisha, na kazi hiyo inaipa joto, kwa hiyo pampu huzungusha maji ya kuipoza. Ile "ka" ni swichi nzito za sumaku zikiunganisha betri na chaja. Chaji ikiisha zinaachia, unaisikia tena. Kuna magari yanayopoza hata betri kwa kompresa ya kiyoyozi, yananguruma kama friji kubwa. Betri ya Leaf za matoleo mawili ya kwanza haina mfumo huo, inategemea hewa tu.

Sauti iliyostahili kunitisha mimi niliidharau. Ilikuwa inatoka kwenye soketi: tss-tss, kama mafuta yanayoanza kuchemka. Nilikuwa nachajia kwenye ekstensheni ya pasi. Usiku mmoja wa Julai, baridi imetufungia madirisha, mke wangu akanusa plastiki inaungua. Nilikuta plagi imelainika, pini moja nyeusi tii. Wanangu walikuwa wamelala chumba cha pili.

Pasi unaichomeka dakika kumi na tano ukamaliza. Gari linavuta umeme usiku kucha, na waya uliolegea kwenye skrubu unazidi kupata moto kila saa inayopita. Mwite fundi umeme mwenye leseni, akuvutie laini ya gari peke yake kutoka kwenye meini swichi, waya mnene, breka yake na ethi yake, yaani waya wa kwenda ardhini. Ekstensheni usitumie. Narudia, ekstensheni usitumie!

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa na Njombe, tunatoa mamilioni kuagiza gari Japani, kisha tunabania waya. Tunawalaza watoto karibu na soketi iliyolegea ili tuokoe hela ya fundi. Tuache tabia hiyo.

Dada, leo usiku chomeka gari, subiri nusu saa, kisha sogeza sikio karibu na soketi na uguse mwili wa plagi kwa nje. Ikiwa ya moto hata mkono hauvumilii, au inatoa tss, simamisha chaji kwenye gari, zima swichi ya ukutani, ndipo uchomoe. Kesho niandikie uliikutaje.