Ampu inachemka bila muziki, shida sio aisii

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Ujiji, nimejiundia ampu ya TDA2030 (aisii, yaani kidude cheusi cha kukuza sauti) na kipriampu chake (saketi ndogo inayoandaa sauti kabla ya ampu), natumia betri ya sola volti 12. Nikiwasha tu hitisinki (bati la kupoza aisii) inachemka hata sijaweka muziki, nikipandisha volyumu spika inapiga pu pu pu. Nimeongeza kapasita ya maikrofaradi 4700 pale kwenye betri lakini wapi. Aisii ndo mbovu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usikimbilie kununua aisii nyingine, hiyo ampu inaosileti, yaani inajipigia yenyewe kwa masafa ambayo sikio halisikii ndo maana kimya alafu moto. Kuhakikisha weka volyumu sifuri, pitisha chanya ya betri kwenye malitimita upande wa ampia. TDA2030 iliyotulia inakula kama miliampia 40 hadi 60, ukiona mia tatu au nne jibu umelipata. Hata redio ndogo ya AM ukiisogeza pale ikipiga mluzi kila ukiwasha ampu, ndo hiyohiyo.

Sasa ile 4700 sio mbaya ila iko mbali, na hapa ndo wengi wanakwama. Waya wa mita 1 una kama maikrohenri 1, kwenye muziki hiyo si kitu ila ikifika megahezi 1 inakuwa omu 6 na kitu, kwahiyo aisii ikitaka umeme wa haraka haiupati, volti zinayumba palepale kwenye pini na huko kuyumba kunarudi ndani ya ampu kuikuza tena. Tafuta kapasita ndogo ya seramiki ya nanofaradi 100, ile imeandikwa 104, imejaa kwenye bodi za redio mbovu, isoda chini ya bodi mguu mmoja pini 5 (chanya) mwingine pini 3 (hasi), miguu milimita chache tu tafadhali, ukiiacha mirefu umerudi kulekule. Pembeni yake weka kapasita ya elektrolaiti ya maikrofaradi 220 au 470 ya volti 25.

Pini 4 (inayotoa sauti) kwenda graundi, yaani upande hasi, lazima kuwe na rezista ya omu 1 ikifuatana na 104 nyingine. Michoro mingi inayozunguka kwenye simu wameiruka hiyo, inaniuma sana kwasababu vijana wanachoma aisii bure. Na geini (mara ngapi ampu inakuza sauti) usiishushe sana chini ya mara 30, hii aisii haitulii kwenye geini ndogo.

Hiyo pu pu pu kama boti inayotoka Kibirizi ni kesi nyingine. Priampu na ampu zinakula waya mmoja, besi ikipiga volti zinashuka, priampu inayumba, inasukuma besi tena. Ipe priampu rezista ya omu 100 kwenye chanya yake alafu kapasita ya maikrofaradi 220 kutoka hapo kwenda graundi, waya wa betri uwe mnene, na graundi ya spika irudi kivyake mpaka mguu hasi wa elektrolaiti kubwa, isipitie kwenye graundi ya kuingizia sauti.

Anza na ile 104 kabla hujagusa kingine, pima ampia tena uniandikie imesoma ngapi.